“Sawa, Profesa”: kisa cha mtafiti chipukizi wa maadili ya afya na walezi wake wawili

Kisa ninachokichambua hapa kilitokea katika chuo kimoja cha sayansi za afya nchini Tanzania, nami ni mmoja wa wahusika wake. Nimekiandika kwa idhini ya mtafiti ambaye kisa hiki ni chake kabla ya kuwa changu. Ameisoma rasimu, amenisahihisha mahali pawili, na ameomba kwamba majina yasitajwe, liwe lake, la chuo, la wilaya au la mradi. Mambo machache yasiyogusa kiini nimeyabadilisha ili asitambulike. Mwenzetu wa Ulaya, ambaye naye ni mlezi katika kisa hiki, ameisoma pia na hakuomba kifutwe chochote.

Mtafiti na mradi

Mtafiti huyu ni muuguzi. Alifanya kazi wodini kwa miaka kadhaa, na akina mama wa vijijini bado humwita Sista. Baadaye aliajiriwa chuoni kuwa mhadhiri msaidizi, akasoma uzamili katika maadili ya tiba na utafiti, fani ambayo wengine huiita bayoetiki. Kizazi chake kimepata nafasi ambazo kizazi changu hakikuwa nazo. Mwaka 2000 Kituo cha Fogarty, kilicho chini ya Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, kilianza kufadhili mafunzo ya maadili ya utafiti kwa watu wa nchi za kipato cha chini na cha kati. Vyuo vikuu kama Johns Hopkins na KwaZulu-Natal vikaandaa programu kwa ajili ya Waafrika, na leo uzamili wa fani hii unapatikana Afrika Mashariki kwenyewe. Mafunzo hayo yamezaa watu wenye uwezo mkubwa. Lakini mafunzo yana mwisho, na anayerudi na cheti hupangiwa vipindi vya kufundisha, huteuliwa kuwa katibu wa kamati ya maadili, na huombwa kukagua maandiko ya wengine mpaka lake mwenyewe linakosa siku. Kwa kuwa watu wa fani hii ni wachache katika vyuo vyetu, chipukizi hana wenzake wa kubishana nao wakati wa chai. Anao walezi tu, na wengi wa walezi hao, nikiwamo mimi, walisomea jambo jingine na wakaingia katika maadili ya utafiti kupitia mlango wa kamati.

Kazi yake ilikuwa sehemu ndogo ya mradi mkubwa uliochunguza homa za watoto katika wilaya moja ya pwani. Mradi huo ulichukua damu ya watoto, ukapima baadhi hapa nchini, na sampuli nyingine ukazihifadhi ili zisafirishwe nje chini ya mkataba wa kuhamisha sampuli, kama taratibu zetu zinavyotaka. Fungu la ruzuku lilitengwa kwa ajili ya utafiti wa maadili, nalo alikabidhiwa yeye. Swali lake lilikuwa jepesi kulitamka: akina mama walikubali vipi? Alipewa walezi wawili. Wa kwanza alikuwa profesa wa chuo kimoja cha Ulaya, mwenye kuongoza ruzuku nzima. Wa pili nilikuwa mimi, mtafiti mkuu kwa upande wa Tanzania. Katika kisa hiki hakuna mtu mwovu, na jambo hilo inafaa lieleweke tangu sasa. Profesa huyu hujibu barua pepe ndani ya siku mbili, husoma rasimu hadi nukta ya mwisho, na hajawahi kumdhalilisha mtafiti huyu hata kwa neno moja. Angekuwa mtu wa dharau, kisa hiki kingekuwa rahisi zaidi na kingekuwa na mafunzo machache.

Alichokiona mlangoni

Mtafiti alianza kwa kuwafuata wadadisi wa mradi nyumba kwa nyumba, akiwa na daftari la mistari ambalo aliandika humo kwa Kiswahili. Aliona jambo ambalo sisi tuliokulia pwani tumeliona maisha yetu yote bila kulipa jina. Mdadisi anapiga hodi, anakaribishwa, anatandikiwa mkeka au kupewa kigoda, analetewa maji. Baada ya salamu ndefu anatoa fomu, anaisoma, anaeleza kwamba kushiriki ni hiari, anauliza kama mama amekubali. Mama anasema sawa, anatia sahihi au dole gumba. Siku ya kwenda kituo cha afya mtoto hayupo, amepelekwa kwa bibi yake. Wiki inayofuata mama ana msiba. Wiki ya tatu mtoto yupo, lakini ameshapona na hakuna haja ya kumsumbua.

Alipozungumza na akina mama hao baadaye, peke yake, bila fomu ya mradi mkononi, wengi walimweleza kwamba walielewa vizuri kilichoombwa. Walijua kuwa damu ingehifadhiwa. Wengine walitaja kwa sauti ya chini habari za mumiani walizosimuliwa na bibi zao, si kwa sababu waliziamini zote, bali kwa sababu damu inayosafiri kwenda kusikojulikana iliwarudisha katika masimulizi hayo. Walisema sawa kwa kuwa mtu aliyekwisha kukaribishwa mkekani na kunywa maji ya nyumba haambiwi hapana usoni. Kukataa kulikuwa na njia yake, nayo ilikuwa ni kutoonekana.

Katika ukurasa mmoja wa daftari lile aliandika maneno matatu na kuyapigia mstari: ridhaa ya adabu.

Hakuwa mtu wa kwanza kuvuka eneo hilo, naye alilijua hilo. Mwaka 2015 kundi la watafiti wa Kilifi, mwandishi wao wa kwanza akiwa Dorcas Kamuya, lilichapisha katika jarida la PLoS ONE makala kuhusu kukataa kwa kimya katika tafiti za pwani ya Kenya, na katika kichwa cha makala hiyo waliweka methali yetu kwa Kiingereza: akufukuzaye hakwambii toka. Mtafiti wetu aliichukulia kazi hiyo kama ngazi. Alitaka kupanda hatua moja zaidi, atazame ile “sawa” yenyewe: inafanya kazi gani inapotamkwa, inamlinda nani, na kwa nini fomu ya ridhaa, iliyotungwa ili mtu aweze kukataa, haina sehemu inayoweza kupokea kukataa kwa namna hiyo.

Rasimu tatu

Rasimu ya kwanza ilikuwa na dosari za kawaida za makala ya kwanza. Ilikuwa ndefu, ilinukuu mno, lakini moyo wake ulikuwa ridhaa ya adabu. Profesa aliisoma kwa makini na akaandika kwamba dhana hiyo haikuwa na mizizi katika maandishi ya fani, kwamba wahakiki wa jarida wangeuliza imetoka wapi, na kwamba data ile ile ingeweza kuelezwa vizuri kwa dhana iliyokwisha kukubalika, yaani ile ya mshiriki kudhani kwamba utafiti ni tiba. Dhana hiyo ina historia ya heshima. Iliasisiwa mwaka 1982 na Paul Appelbaum na wenzake, waliotafiti wagonjwa wa akili nchini Marekani ambao waliamini kwamba kila kitu walichofanyiwa katika utafiti kilichaguliwa kwa faida yao binafsi. Katika rasimu ya mtafiti walikuwamo akina mama waliozungumza hivyo kabisa. Ushauri wa Profesa haukuwa wa kipuuzi, na mwisho wa barua yake aliuliza: je, unakubaliana?

Jibu lilikuwa: Sawa, Profesa, nitafanyia kazi.

Katika rasimu ya pili ridhaa ya adabu ilikuwa imebaki aya moja katika sehemu ya mjadala. Katika rasimu ya tatu ilikuwa sentensi moja, na neno adabu halikuwamo. Makala sasa ilisema kwamba akina mama wa wilaya hiyo hawakuwa wameelewa tofauti ya utafiti na matibabu, na ikapendekeza kwamba wadadisi wapewe mafunzo zaidi ya kueleza. Jina la mtafiti lilikuwa la kwanza katika orodha ya waandishi. Kila barua ya Profesa ilimalizika kwa swali lile la kuomba makubaliano, na kila jibu lilianza na neno lile lile. Mimi nilipokea nakala ya barua zote. Mchango wangu katika rasimu zote tatu ulikuwa ni kusahihisha majedwali na kuuliza kuhusu idadi ya walioshindwa kupatikana.

Kisha mtafiti akaanza kupotea. Kikao cha mtandaoni kikamkuta umeme umekatika. Kingine kikamkuta anasimamia mitihani. Kwa kingine aliandika kwamba mama yake mzazi alikuwa anaumwa, na kweli alikuwa anaumwa, lakini kikao kiliahirishwa mara mbili baada ya mama kupona. Niliwaza kwamba amechoka. Nilimwandikia ujumbe mfupi wa kumtia moyo, nikaendelea na shughuli zangu.

Faili

Kibali cha maadili kinachotolewa na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, yaani NIMR iliyoundwa kwa Sheria Na. 23 ya mwaka 1979, huja na masharti ambayo watafiti wengi huyaona kama mzigo: taarifa ya maendeleo kila baada ya miezi sita, na ruhusa ya taasisi kabla matokeo hayajachapishwa. Kwa makala hii barua ya kuomba ruhusa ilipaswa kutiwa sahihi na mimi. Profesa aliulizia mara moja, nami nikamuuliza mtafiti, naye akasema analeta. Wiki tatu zikapita. Ofisi yake iko ghorofa moja juu ya yangu.

Siku alipokuja alinisalimia shikamoo, akaweka faili mezani, akabaki amesimama. Nilichukua kalamu. Akasema: “Mwalimu, naomba uisome kwanza.” Nilimjibu kwamba nimeshaisoma. Akanyamaza kidogo, akasema hakuwa na maana ya makala. Chini ya rasimu ndani ya faili lile alikuwa ameweka daftari la mistari.

Nililisoma jioni ile na sehemu ya siku iliyofuata. Baada ya hapo sikuweza kuitia sahihi ile barua, kwa sababu makala niliyoombwa kuipeleka haikuwa na jambo ambalo mtafiti alikuwa ameligundua. Ilikuwa na jambo jingine, lenye ukweli kiasi, ambalo mtu aliyesoma maandishi ya fani angeweza kulitabiri bila kufika wilayani.

Kwa nini hakuna kanuni iliyovunjwa

Tunapozungumzia madhara wanayoyapata watafiti chipukizi wa nchi zetu, kwa kawaida tunazungumzia majina: mtu amekusanya data, amechambua, kisha jina lake limewekwa katikati ya orodha au katika aya ya shukrani. Madhara hayo yapo na ni makubwa, na dhidi yake tuna vigezo. Kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba ina vigezo vinne vya uandishi: kuchangia kwa kiasi kikubwa katika kubuni kazi au kupata na kuchambua data, kuandika au kuhakiki rasimu, kuidhinisha toleo la mwisho, na kukubali kuwajibika kwa kazi yote. Mtafiti wetu alivitimiza vyote vinne. Jina lake lilikuwa la kwanza. Alikuwa ameidhinisha kwa maandishi.

Hata hivyo alinyang’anywa kitu, na aliyenyang’anya hakujua. Kilichopotea ni wazo, na wazo halina safu yake katika fomu ya mchango wa waandishi. Ningeweza kusema kwamba ilikuwa kazi ya kawaida ya mlezi kumshauri mwanafunzi abadilishe dhana, na ni kweli kwamba nusu ya ulezi ni hiyo. Tofauti iko katika namna mabadiliko yalivyofanyika. Wazo linaloshindwa katika ubishi limetendewa haki, kwa sababu mwenye nalo ameona liliposhindwa. Wazo hili halikushindwa na mtu. Liliondolewa kidogo kidogo kwa ridhaa ya mwenyewe, na ridhaa hiyo ilikuwa ya aina ile ile aliyokuwa akiitafiti.

Hapo ndipo kisa hiki kilinishtua. Profesa aliuliza kila mara kama mtafiti anakubali, kama vile mdadisi anavyouliza mlangoni. Jibu lilirekodiwa, kama sahihi ya mama kwenye fomu. Kisha mtafiti hakuonekana, kama mtoto aliyepelekwa kwa bibi yake. Sisi wawili, tunaofundisha wengine kwamba ridhaa haimaliziki kwa sahihi, tulihesabu neno “sawa” mara tatu na tukaridhika nalo.

Adabu si mila peke yake

Yupo mtu atakayesema kwamba jambo hili ni utamaduni wetu: mdogo hambishii mkubwa, basi. Maelezo hayo nimeyasikia katika warsha nyingi, mara nyingi kutoka kwetu wenyewe, nami nimeyatumia. Nadhani ni maelezo ya uvivu, na katika kisa hiki nina sababu ya kusema hivyo.

Mtafiti huyu ni mjumbe wa kamati ya maadili ya chuo. Nimemwona akimwambia daktari bingwa, mtu wa umri wa baba yake, kwamba andiko lake halina mpango wa kuwatunza washiriki utafiti ukiisha, na akasimamia hoja hiyo mpaka andiko likarudishwa. Alimwamkia kwanza, akatumia maneno ya heshima, lakini hoja hakuipunguza. Mila ilikuwa ile ile, umri ulikuwa ule ule. Kilichokosekana kwa daktari bingwa ni kwamba hakuwa na mkono katika maisha ya mtafiti. Profesa alikuwa nao. Fungu lililomlipa posho ya utafiti lilitoka katika ruzuku ya Profesa. Barua ya kumpendekeza kwa nafasi ya uzamivu ingeandikwa na Profesa. Kiingereza ambacho makala ingehukumiwa kwacho ni lugha ya tatu kwake, baada ya lugha ya nyumbani na Kiswahili, na kwa Profesa ndiyo lugha ya kila siku ya kazi.

Nilipomuuliza yeye mwenyewe, aliyataja hayo yote, kisha akaongeza moja ambalo sikulitarajia. Alisema kwamba hakuwa na hakika kuwa Profesa amekosea. Alijua alichokiona, lakini hakujua kama alichokiona kinatosha kuitwa dhana. Nadhani hili ndilo lililokuwa na uzito kuliko yote, nalo ndilo lililokuwa mikononi mwangu. Mtu mwenye mashaka ya namna hiyo anahitaji mwingine anayeijua “sawa” ya pwani, ambaye ataketi naye na kumuuliza: umeiona mara ngapi, kwa nani, na ni nani aliyesema sawa kisha akaja kweli? Profesa asingeweza kuuliza hivyo, kwa kuwa hakuwa na masikio ya lugha. Mimi nilikuwa nayo, nikayatumia kusahihisha majedwali.

Mazungumzo hayo yalirudi kuibadilisha kazi yenyewe. Tulipokuwa tunachambua kwa nini yeye alisema sawa, mtafiti alisimama, akafungua daftari, akasoma tena maelezo ya akina mama wawili. Aligundua kwamba naye alikuwa ameandika adabu kana kwamba ni mila tu. Katika vijiji vile kituo cha afya ni kimoja. Mdadisi anayepiga hodi amevaa kitambulisho chenye nembo inayofanana na ile iliyo ukutani kituoni, na mama anajua kwamba mtoto akiugua usiku atapelekwa pale pale. Sawa yake ni heshima kwa mgeni, na pia ni akiba anayoiweka kwa siku ya shida. Maelezo hayo hayakuwamo katika rasimu hata moja kati ya zile tatu.

Kikao

Tulifikiria njia kadhaa. Kuiondoa makala kabisa kungemwadhibu yeye. Kutoa makala mbili, moja ya Profesa na moja yake, kulimkasirisha, na nilipotulia niliona kwamba ana haki: data ni moja na akina mama ni wale wale, nao hawawezi kuwa wamesema jambo moja katika jarida hili na jambo jingine katika jarida lile. Nilijitolea nizungumze na Profesa peke yangu kwanza. Alikataa hilo pia, akisema kwamba hataki kuwa mtoto anayeombewa msamaha.

Tukaitisha kikao cha watu watatu na kukiwekea sharti moja: dakika thelathini za mwanzo zingekuwa za data, na data ingesomwa kwa Kiswahili kabla ya tafsiri. Mtafiti alichagua vifungu vitano. Alisoma kila kimoja, akaeleza neno kwa neno, akaonyesha mahali ambapo tafsiri ya Kiingereza iliyokuwa kwenye jedwali la mradi ilikuwa imegeuza “sawa”, “haya”, “hamna shida” na “tutaona” kuwa neno moja la kukubali. Maneno manne yenye uzito tofauti yalikuwa yamemiminwa katika chungu kimoja kabla ya mtu yeyote kuanza kuchambua. Mtu anayejua Kiswahili anajua umbali uliopo kati ya “haya” inayotamkwa kwa kushusha sauti na “sawa kabisa”.

Profesa alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema kwamba aliuliza kila mara kama anakubaliana. Mtafiti akajibu kwamba ndiyo, aliuliza, na wadadisi pia waliuliza. Hapakuwa na ukali katika jibu hilo.

Alichofanya Profesa baada ya hapo ndicho kilichonifanya niendelee kumheshimu. Hakusalimu amri. Alisema kwamba amesadiki dhana hiyo ipo, lakini bado anaamini kuwa baadhi ya akina mama walidhani kweli kwamba utafiti ni tiba, na akauliza ni ushahidi gani ungemfanya mtafiti akiri kwamba “sawa” ya mama fulani haikutokana na adabu bali na kutoelewa. Lilikuwa swali gumu na la haki. Mtafiti alirudi katika unukuzi wa mahojiano yote, akaupitia upya kwa majuma kadhaa, akarudi na jibu kwamba wapo wa aina zote mbili, na wapo wenye yote mawili kwa pamoja: mama anayedhani kwamba damu ya mtoto itapimwa kwa faida yake, na bado anasema sawa kwa heshima akiwa amekusudia kutokwenda. Makala iliyozaliwa hapo ni bora kuliko rasimu ya kwanza na ile ya tatu. Aliiandika kwanza kwa Kiswahili, kisha akaihamisha. Neno adabu limebaki kama lilivyo ndani ya Kiingereza, baada ya sisi watatu kujaribu maneno kadhaa ya lugha hiyo na kuona kila moja ni jepesi mno au linanuka utumishi.

Gharama

Nisingependa msomaji aone kwamba mambo yalikwenda salama. Kazi hiyo ilichukua miezi saba. Ruzuku ilifungwa kabla makala haijakubaliwa, na fedha zilizotengwa kwa ada ya uchapishaji zikarudi kwa mfadhili. Dirisha la maombi ya uzamivu la mwaka ule lilipita mtafiti akiwa hana makala ya kuonyesha. Jarida la kwanza lilikataa. Aliyelipa gharama ya kurekebisha kosa la walezi ni mlelewa, kama inavyotokea mara nyingi, na sijaona namna ya kumrudishia mwaka huo.

Katika fani yetu tunapenda kunukuu kazi ya Emanuel na wenzake ya mwaka 2004 kuhusu utafiti katika nchi zinazoendelea, ambayo iliongeza ushirikiano wa kweli na jamii juu ya masharti saba ya utafiti wenye maadili waliyokuwa wameyataja mwaka 2000. Tumeutumia mwongozo huo kuwauliza watafiti wanawashirikishaje wanakijiji. Kabla ya kisa hiki sikuwahi kuutumia kuuliza namna ninavyomshirikisha mhadhiri msaidizi wa ghorofa ya juu. Kwa sasa nina walelewa wachache kuliko zamani, kwa makusudi. Maoni yangu mazito siyapokelei jibu kabla ya siku saba. Kila mlelewa ana mhadhiri mwingine, asiye na mkono katika fedha wala barua zake, ambaye anaweza kumpelekea rasimu bila mimi kujua. Profesa naye ameacha kuuliza kama mtu anakubaliana. Humtaka aandike hoja mbili nzito dhidi ya ushauri wake kabla hajaufuata. Mtafiti anasema zoezi hilo linachosha, lakini hulifanya.

Yeye mwenyewe ameshaandika andiko jipya. Anataka mdadisi asipokee jibu mlangoni siku ya kwanza. Aache maelezo, aondoke, na mama akiamua kushiriki apeleke mwenyewe kikaratasi kwa mhudumu wa afya wa kitongoji. Asipopeleka, hakuna mtu atakayerudi kupiga hodi, na kutopeleka kuhesabiwe kuwa ni jibu kamili. Kamati imelirudisha andiko na swali: mtafiti atajuaje kwamba asiyepeleka amekataa, na si kwamba amesahau au kikaratasi kimeloa mvua? Amenitumia rasimu ya majibu yake. Aya ya tatu nadhani ina kasoro, kwa sababu inawachukulia waliosahau kana kwamba hawana haki ya kukumbushwa, nami nimemwandikia hivyo. Siku saba zinaisha Alhamisi. Amejibu mapema kwamba hakubali, na kwamba atashuka na daftari.